Sharti la Miaka Miwili Nyumbani: Anachopaswa Kukijua Mtaalamu wa Afya wa Singida Anayekwenda Kusoma Marekani

Wapo madaktari, wauguzi, wafamasia na watafiti wa Kitanzania wanaokwenda Marekani kwa mafunzo wakitumia viza ya J-1, yaani viza ya wageni wa programu za kubadilishana ujuzi na utamaduni. Wengi hurudi salama na kuendelea na kazi zao. Wengine hugundua, wakiwa wameshaanza kupanga maisha mapya, kwamba karatasi walizosaini zilikuwa na sharti zito: kurudi na kuishi nchini mwao kwa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kufanya mambo kadhaa nchini Marekani.

Makala haya yanaeleza sharti hilo, lilikotoka, linamfunga nani na kwa njia gani mtu huweza kuondolewa. Yanaeleza pia maana yake kwa mkoa kama Singida, ambako kuondoka kwa daktari bingwa mmoja huonekana mara moja katika foleni ya wagonjwa, na kurudi kwake huonekana vivyo hivyo.

Sharti lenyewe

Sharti hili limo katika kifungu cha 212(e) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani. Linamtaka mgeni anayehusika, baada ya kumaliza programu yake, aishi kwa jumla ya miaka miwili katika nchi ya uraia wake, au katika nchi alikokuwa mkaazi wa kudumu kisheria kabla ya kwenda Marekani. Kabla ya kutimiza muda huo hawezi kupewa ukaazi wa kudumu, maarufu kama kadi ya kijani. Hawezi pia kupewa viza za kazi za kundi la H, viza za kundi la L zinazotolewa kwa wafanyakazi wanaohamishwa ndani ya kampuni moja, wala viza ya mchumba wa raia wa Marekani. Aidha, akiwa bado Marekani, kwa kawaida hawezi kubadili hadhi yake ya uhamiaji kutoka J-1 kwenda hadhi nyingine, isipokuwa kwa makundi machache kama ya wanadiplomasia.

Ni muhimu kutambua pia lisilozuiwa na sharti hili. Halimfungii mtu mlango wa kuingia Marekani. Sharti hili peke yake halimzuii aliyerudi Tanzania kuomba viza ya matembezi ili kuhudhuria mkutano wa kitaaluma, au viza ya mwanafunzi ili kusoma shahada nyingine; maombi yake hupimwa kwa kanuni zilezile zinazomhusu Mtanzania mwingine yeyote. Kinachozuiwa ni kuhamia na kuajiriwa kwa viza zilizotajwa.

Chimbuko lake

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilianza kuwaalika wageni wengi kusoma na kujifunza kazi, kwa matarajio kwamba wangerudi kwao na ujuzi. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba wageni wengi walikuwa wakibaki. Mwaka 1956 Bunge la nchi hiyo likaweka kisheria sharti la kukaa miaka miwili nje ya Marekani. Mwaka 1961 programu hizo zilikusanywa chini ya sheria moja ya mabadilishano ya elimu na utamaduni, iitwayo sheria ya Fulbright-Hays, na sharti likaendelea humo.

Mwaka huohuo, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ilipata uhuru ikiwa, kwa hesabu ambayo imerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, na madaktari wazalendo 12 tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ilianza mwaka 1963. Kwa nchi ya namna hiyo, swali la iwapo kijana aliyepelekwa ng’ambo atarudi lilikuwa swali la iwapo wilaya nzima itapata daktari.

Mwaka 1976 sheria ya Marekani ilikazwa zaidi kwa upande wa madaktari. Tangu mwanzoni mwa mwaka 1977, kila daktari anayeingia kwa J-1 kufanya mafunzo ya ubingwa yanayohusisha kutibu wagonjwa amefungwa na sharti hili, bila kujali nchi yake wala nani anayelipa gharama.

Nani anafungwa

Si kila mwenye J-1 anafungwa. Sheria inataja sababu tatu, na moja tu inatosha.

Sababu ya kwanza ni fedha. Ikiwa programu imegharimiwa na serikali ya Marekani au serikali ya nchi ya mhusika, hata kwa sehemu tu na hata kwa kupitia taasisi nyingine, mhusika anafungwa. Humu wamo wanaokwenda kwa ufadhili wa Fulbright na Humphrey, na waliokwenda kwa programu ya Mandela Washington, ambayo ilikuwa ya wiki chache tu. Wanaweza kuwamo pia watafiti ambao mafunzo yao yanalipiwa na ruzuku za taasisi za afya za serikali ya Marekani kupitia chuo fulani. Mara nyingi hawa ndio wanaoshtuka, kwa sababu fedha iliingia mikononi mwao ikiwa na jina la chuo, ilhali chanzo chake kilikuwa serikali.

Sababu ya pili ni orodha ya ujuzi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huchapisha orodha ya nchi pamoja na fani ambazo kila nchi inazihitaji sana. Mwenye fani iliyotajwa kwa nchi yake anafungwa hata kama amejilipia mwenyewe. Orodha hiyo ilifanyiwa mabadiliko makubwa mwezi Desemba 2024 na nchi nyingi ziliondolewa. Kwa hiyo ushauri uliotolewa na mwenzako aliyekwenda miaka kumi iliyopita haufai kutegemewa. Orodha ya sasa ndiyo ya kusomwa.

Sababu ya tatu ni mafunzo ya kitabibu ya uzamili, yaani ya ubingwa au ubobezi. Hapa hakuna wa kusalimika. Madaktari wa kundi hili hudhaminiwa na taasisi moja tu, ECFMG, na miongoni mwa nyaraka zinazotakiwa ni barua kutoka wizara ya afya ya nchi ya daktari. Barua hiyo hutamka mambo mawili: kwamba nchi ina upungufu wa wataalamu wa fani inayokwenda kusomewa, na kwamba daktari ameiahidi serikali yake kwa maandishi kuwa atarudi kuifanya kazi hiyo. Barua hii ndiyo kiini cha ahadi yenyewe, kwani kwayo Tanzania inasema inamhitaji mtu huyu, naye anasema atarudi.

Mume, mke na watoto waliosafiri kama wategemezi kwa viza ya J-2 hufungwa pamoja na mwenye J-1. Mke aliye mwalimu au mhasibu, ambaye hakusoma chochote Marekani, anaweza kukuta maombi yake mwenyewe ya viza ya kazi yamekwama kwa sharti la mumewe.

Mambo yanayokosewa mara kwa mara

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba muda wa sharti hulingana na muda wa mafunzo. Haulingani. Aliyekaa wiki sita na aliyekaa miaka saba, ambayo kwa kawaida ndiyo ukomo wa mafunzo ya kitabibu kwa J-1, wote wanadaiwa miaka miwili ileile.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ndoa hulifuta. Kuoa au kuolewa na raia wa Marekani hakuliondoi sharti, wala kuzaa mtoto huko hakuliondoi. Hali kadhalika bahati nasibu ya kadi ya kijani, ambayo Watanzania wengi wamewahi kuishiriki: aliyefungwa na sharti anaweza kushinda na bado asipewe viza ya uhamiaji, na nafasi ya ushindi huisha mwaka wa bahati nasibu unapoisha.

Kosa la tatu ni kuamini maandishi yaliyo kwenye viza peke yake. Afisa wa ubalozi huandika kwenye viza au kwenye fomu ya DS-2019 iwapo mhusika anafungwa, lakini maandishi hayo ni maoni ya awali. Yanaweza kuwa na makosa kwa pande zote mbili. Mwenye shaka anaweza kuiomba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani itoe maoni rasmi kuhusu hali yake.

Kosa la nne linahusu mahali. Miaka miwili hutimizwa katika nchi inayotajwa na sheria, si popote nje ya Marekani. Mtanzania aliyemaliza mafunzo kisha akaenda kufanya kazi Botswana, Oman au Uingereza hajaanza kuhesabiwa hata siku moja.

Siku zinavyohesabiwa

Sheria inataka jumla ya miaka miwili, si lazima mfululizo. Daktari aliyekaa Singida miezi 14, akaenda India kwa kozi ya miezi mitatu, kisha akarudi, anaendelea na hesabu pale alipoishia. Ile miezi mitatu haihesabiwi, lakini haifuti iliyotangulia.

Atakayetaka kuthibitisha lazima awe na ushahidi. Pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka itunzwe hata baada ya muda wake kwisha. Pia zitunzwe barua ya ajira, hati za mishahara, mkataba wa nyumba na leseni ya kazi ya kila kipindi. Mtu aliyefanya kazi ya kujitolea au aliyekaa kijijini akisubiri ajira hupata shida zaidi kuthibitisha. Huyo naye ajikusanyie barua za serikali ya kijiji au mtaa na za taasisi aliyohudumu.

Njia za kuondolewa sharti

Sheria inaruhusu sharti kuondolewa kwa sababu maalumu, na maombi huanzia katika fomu ya DS-3035. Njia ni tano.

Ya kwanza ni barua ya serikali ya nchi ya mhusika kwamba haina pingamizi, inayopelekwa kupitia ubalozi wake mjini Washington. Njia hii haipatikani kwa madaktari waliofanya mafunzo ya ubingwa ya kitabibu, na waliogharimiwa na serikali ya Marekani mara nyingi hawafanikiwi kwayo. Ya pili ni ombi la idara ya serikali ya Marekani inayomhitaji mhusika. Ya tatu ni hofu ya kuteswa nyumbani kwa sababu ya rangi, dini au msimamo wa kisiasa. Ya nne ni kuonyesha kwamba mwenzi au mtoto aliye raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani atapata dhiki isiyo ya kawaida. Uchungu wa kutengana peke yake, ambao kila familia huupata, hautoshi.

Ya tano ni ya madaktari pekee. Ilianzishwa mwaka 1994 na inaitwa kwa jina la Seneta Kent Conrad wa jimbo la North Dakota. Kila jimbo linaweza kuwapendekeza hadi madaktari 30 kwa mwaka. Hapo mwanzo walikuwa 20. Daktari hukubali kufanya kazi kwa miaka mitatu, kwa muda wote wa kazi, katika eneo la Marekani lenye upungufu wa huduma za afya. Akimaliza, sharti la kurudi nyumbani halimfungi tena. Ikiwa ana mkataba na serikali yake unaomtaka arudi, sheria inadai serikali hiyo iandike kwanza kwamba haina pingamizi.

Njia hii inastahili kutafakariwa na msomaji wa Singida. North Dakota ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa kilimo cha alizeti nchini Marekani, kama Singida ilivyo Tanzania. Ni nchi ya mashamba makubwa na miji midogo iliyo mbalimbali, ambako madaktari wa huko huko hawapendi kukaa. Seneta wa jimbo hilo aliona tatizo la wapiga kura wake na akalitafutia dawa: daktari mgeni aliyekuwa anatakiwa kurudi kijijini kwao atahudumia kijiji cha Marekani. Kwa wakulima wa North Dakota hilo ni jambo jema. Lakini waliosema dawa ya deni ni kulipa hawakuwa na maana ya kumlipa mdai mwingine.

Singida inadai nini

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Singida una watu zaidi ya milioni 2. Wanaishi katika eneo pana, kuanzia Mkalama na Iramba kaskazini hadi Manyoni na Itigi kusini. Mbali na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na hospitali za halmashauri, mkoa umetegemea kwa miaka mingi hospitali za mashirika ya dini, zikiwemo Mtakatifu Gaspar ya Itigi, Makiungu ya Ikungi na Iambi ya Mkalama. Mgonjwa anayehitaji ubobezi usiopatikana mkoani hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma, zaidi ya kilometa 200 kutoka mjini Singida, au mbali zaidi: Bugando, KCMC au Muhimbili. Kambi za madaktari bingwa wanaotembelea halmashauri zimepunguza safari hizo kwa baadhi ya wagonjwa. Hata hivyo, kambi hudumu kwa siku chache, na mama mwenye uzazi pingamizi hawezi kusubiri kambi ijayo.

Kwa mkoa wa namna hii, sharti la miaka miwili linaonekana kuwa ulinzi. Ni ulinzi kweli, lakini lina matundu mawili makubwa.

Tundu la kwanza ni kwamba sheria inasema Tanzania, haisemi Singida. Daktari aliyetoka Kiomboi anaweza kutimiza miaka yake yote miwili Dar es Salaam, na mbele ya sheria ya Marekani hana deni. Tundu la pili ni kwamba sheria inadai mtu aishi nchini, haidai atibu. Mbobezi wa moyo aliyekaa miezi 24 bila ajira, au aliyepangiwa kituo kisicho na mashine ya kupimia moyo kwa mawimbi ya sauti, ametimiza sharti kikamilifu. Daktari wa upasuaji asiye na mtaalamu wa usingizi na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi hali yake ni hiyohiyo. Mtu huyo huhesabu siku kama mfungwa, na siku ya mwisho ikifika huondoka bila kinyongo, kwa sababu hakuna kilichomshika.

Matundu haya hayawezi kuzibwa na Washington. Wa kuyaziba ni mwajiri wa hapa nyumbani. Hospitali inayomruhusu mtumishi wake kwenda masomoni inaweza kuandika katika mkataba wa ruhusa kituo atakachorudi, cheo atakachopewa na vifaa vitakavyoandaliwa katika muda wa mafunzo. Mafunzo ya ubingwa Marekani huchukua miaka mitatu au zaidi. Mtoto anayezaliwa mwaka wa kwanza wa ubobezi wa miaka saba amefikia umri wa kuingia darasa la kwanza mzazi anaporejea. Muda huo unatosha kununua mashine, kusomesha muuguzi wa chumba cha upasuaji na kuombea nafasi ya ajira, mradi kazi hiyo ianze daktari angali masomoni. Hospitali inayosubiri ndege itue ndipo iulize daktari atafanya kazi gani imeshachelewa.

Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania katika orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo haifai watumishi wao kusakwa kwa kampeni za kuajiri. Kanuni ya mwaka 2010 ya shirika hilo kuhusu ajira za kimataifa inatambua pia haki ya mtumishi mwenyewe kuhama. Mambo hayo mawili hayapingani. Daktari ana haki ya kuchagua, lakini achague akijua alichoahidi, na aliyemwahidi ana wajibu wa kumpa sababu ya kubaki.

Kabla ya kusaini

Mtaalamu wa afya anayejiandaa kwenda Marekani kwa J-1 afanye mambo yafuatayo.

Aulize kwa maandishi fedha za programu zinatoka wapi hasa, mpaka chanzo cha mwisho. Aisome orodha ya ujuzi inayotumika mwaka huo. Ajue iwapo programu itamhusisha na kutibu wagonjwa au ni utafiti mtupu, kwa sababu tofauti hiyo huamua sababu ya tatu. Aielewe barua ya Wizara ya Afya kabla ya kuiomba, kwa kuwa inabeba ahadi yake na si utaratibu wa ofisi tu. Ikiwa familia itamfuata, mwenzi wake aelezwe kwamba naye atafungwa.

Anayeona kwamba hawezi kulikubali sharti ana nafasi ya kutafuta njia nyingine mapema. Baadhi ya hospitali za Marekani huwapokea madaktari wa mafunzo kwa viza ya H-1B, isiyo na sharti hili, ingawa nafasi ni chache na mitihani inayotakiwa ni mingi zaidi. Njia nyingine ni kusoma ubingwa hapa nchini, Muhimbili, KCMC, Bugando au Dodoma, kisha kwenda nje kwa kozi fupi. Masuala ya mtu binafsi yapelekwe kwa ofisi ya chuo mwenyeji inayohudumia wageni, au kwa mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni. Madalali wa viza waepukwe.

Anayelikubali aanze siku hiyohiyo kuandaa marejeo. Awasiliane kila mwaka na Mganga Mkuu wa Mkoa au na uongozi wa hospitali yake, aeleze anachojifunza na vifaa vinavyohitajika, na ahakikishe usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika haukatiki. Miaka miwili ni muda wa kutosha kuanzisha kliniki na kuwafundisha madaktari wawili au watatu kazi ambayo haikuwa ikifanyika mkoani. Baada ya hapo, hata mwanzilishi akihamia kwingine, mgonjwa wa Mkalama hatalazimika kuuza ng’ombe ili apate nauli ya kumfuata.